Kinachomfaa

Kioo kipya kilipofungwa ukutani katika darasa la sita, mfagizi wa shule ndiye aliyekifuta vumbi. Fundi, huku akikusanya nyaya zake, alimweleza kwamba kioo ni kimoja, ila kila mtoto akikitazama ataona somo lake peke yake, lile linalomfaa.

"Hata wangu?" aliuliza mfagizi.

"Hata wako, mama."

Alifurahi mpaka akasahau ndoo mlangoni. Kitinda mimba wake alisoma darasa hilo, na kwa huyu alikuwa ameapa: mikono ya mtoto haitashika tambara la kupigia deki.

Somo la kwanza lilikuwa hesabu. Watoto wengine waliona sehemu na desimali. Kitinda aliona sakafu, ndefu na chafu, na tambara limelowekwa pembeni. Kwa kuwa alikuwa mtoto msikivu, alinyoosha mkono ndani ya kioo akaanza kudeki. Maji yalimchuruzika hadi viwikoni. Mwalimu wa hesabu akamwambia akunje mikono ya shati, asiwalowanishie wenzake madaftari.

Jioni mama aliona vidole vya mwanawe vimekunjamana kwa sabuni.

"Mmesoma nini leo?"

"Kona, mama. Kona ndizo ngumu."

Ilimuuma sana. Asubuhi alijikaza kisabuni akaenda kwa mwalimu mkuu, ambaye alimkaribisha kiti.

"Kioo hakina upendeleo, mama. Kimemsoma mtoto, kikaona kinachomfaa. Tena anawapita wote."

"Kimemsoma yeye, au kimenisoma mimi?"

Mwalimu mkuu alisema hilo ni swali zuri, atamfikishia fundi.

Kitinda alikuwa akiendelea vizuri kweli. Alichokisafisha kiooni kilitakata shuleni: kwanza ukumbi, kisha ngazi, kisha vyoo. Mama alikuwa akitoka na ndoo na kurudi nayo, maji yakiwa safi vilevile.

Kwenye mtihani wenzake walikokotoa. Yeye alideki bwalo zima, chini ya meza na nyuma ya milango, akapata alama zote. Mbele ya wazazi, mwalimu mkuu alimshika mkono akamsifu. Kisha, kwa upole uleule, akamshukuru mfagizi kwa utumishi wake na kumwambia kuanzia Jumatatu asijisumbue kuja. Wazazi walipiga makofi. Naye alipiga, maana alikuwa mzazi.

Kitinda alimkimbilia, uso umemchangamka.

"Mama, nimechaguliwa shule kubwa! Wanasema ina ghorofa nne."