Wito wa Mkaguzi

Mpeleka wito wa mahakama alifika saa nne asubuhi, akamkuta mjane anaanika mashuka. Alikuwa mtu mnene, anatweta kwa sababu ya ngazi, na aliomba maji kabla hata ya kujitambulisha. Alipomaliza glasi ya pili akatoa karatasi mkobani.

"Hapa ndipo kwa Mkaguzi wa kiwanda cha sola?"

"Ndipo."

"Yupo?"

"Amefariki. Hii ni wiki ya sita."

"Pole sana, mama." Akaigeuza karatasi, akaisoma mbele na nyuma. "Shida ni kwamba fomu yenyewe ina sehemu mbili tu. Amepokea, au amekataa kupokea. Ya kufariki haimo."

Mjane alifikiri. Mumewe hakuwahi kukataa karatasi ya serikali maisha yake yote. Hata fomu za sensa alizijaza kwa herufi kubwa, akapiga mstari kwa rula. Kuandika leo kwamba amekataa ingekuwa kumsingizia mtu asiyeweza kujitetea. Akafuta mikono, akatia sahihi penye "amepokea". Wito ulimtaka Mkaguzi afike Jumanne saa mbili na nusu bila kukosa.

Kesi yenyewe haikuwa ngumu kueleweka, ingawa mawakili walijitahidi. Paneli za jua zilikuwa zinaingia kutoka nchi ambako serikali huvilipia viwanda nusu ya gharama, hata paneli nzima ya kigeni ikafika hapa kwa bei ya kioo kitupu cha paneli ya hapa. Serikali ya hapa ikaziwekea ushuru. Waagizaji wakaenda mahakamani kuupinga, wakisema hakuna cha kulindwa, kwamba kiwanda kilichopo kinatengeneza takataka. Mwenye kiwanda akamwomba Mkaguzi aape kwamba si kweli. Mkaguzi akaapa, akatia sahihi kila ukurasa, na siku kumi baadaye akaanguka kwenye lango la kiwanda, akafa. Wakili wa kiwanda alikuwa na mambo mengi, na kuiarifu mahakama kukampita. Waagizaji wakadai shahidi aje ahojiwe.

Wenzake kiwandani walimwita Darubini. Alikaa kwenye chumba cha giza, paneli ikipitishiwa umeme hadi ing'ae, naye akitafuta kwenye skrini nyufa ambazo jicho la kawaida haliwezi kuziona. Mkewe alikuwa meza ya nne, akichomelea nyaya bapa zinazounganisha seli za jua ndani ya paneli. Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kurudishiwa kazi. Kisha Jumatatu moja mumewe akatoka na paneli yake, akaichora alama ya chaki nyekundu mbele ya kila mtu, akasema neno moja tu: "Rudia."

Mkewe alimnunia. Alimpakulia chakula bila neno, akampigia pasi shati bila neno, akalala amegeukia ukutani. Siku ya tatu asubuhi Mkaguzi alisimama mlangoni, viatu mguuni, akasema kitu. Mkewe, wa zamu ya mchana, alikuwa kwenye sinki. Alifungua bomba mpaka mwisho, makusudi, asisikie. Alipolifunga mume alikuwa ameshatoka, na saa moja baadaye walikuja kumwambia. Hakukijua alichoambiwa, na tangu siku ile hakuna jambo jingine alilotaka kulijua duniani.

Jumanne ile, basi, alifika mahakamani kabla ya wafagiaji.

Mkaguzi alitokea upande wa makaburini, kwa miguu, amevaa koti lake la buluu la kazini, kalamu mfukoni. Mlinzi alimpitishia kile kifaa cha kukagua watu, hakikulia. Alipomwomba kitambulisho, Mkaguzi akaeleza kwamba kilirudishwa ofisi ya vizazi na vifo, kama sheria inavyotaka. Mlinzi akaandika daftarini: hana kitambulisho, anajulikana. Mkewe aliinuka kwenye benchi. Macho yao yakakutana. Lakini karani alikuwa ameshaita shahidi, na Mkaguzi hakuwa mtu wa kuitwa mara mbili.

Wakili wa waagizaji alikuwa mama mwenye sauti ya upole. Alilifungua daftari la ukaguzi kwenye ukurasa wa mwisho.

"Wiki yako ya mwisho kazini ulikataa paneli ngapi?"

"Moja."

"Iliyotengenezwa na nani?"

"Mke wangu."

"Ilikuwa na nini?"

"Ufa. Urefu wa ukucha. Safu ya nne, seli ya tatu."

"Yeye alikubali?"

"Alinyamaza."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka nilipofariki."

Karani aliyachapa yote hayo. Huko nyuma, mjane alikuwa ameushika ukingo wa benchi kwa mikono miwili.

"Nitakuuliza jambo moja, bwana Mkaguzi. Mimi nasema paneli ile ilikuwa nzima, na ukaguzi wenu ni wa kubahatisha. Nasema ulilijua hilo, ukamwomba mkeo radhi. Asubuhi ya mwisho, kabla hujatoka nyumbani, ulimwambia nini?"

Mkaguzi alifungua mdomo.

"Pingamizi!" Wakili wa kiwanda alikuwa amesimama, miwani mkononi. "Mambo ya mtu na mkewe yanahusiana vipi na ushuru wa forodha?"

Jaji aliona hayahusiani. "Shahidi, usijibu."

Mkaguzi akafunga mdomo. Mjane alitoa sauti ndogo, na askari akamwomba atulie.

Ilipofika saa sita jaji akaahirisha. Shahidi alikuwa hajamaliza kuhojiwa, akasema, kwa hiyo yuko chini ya kiapo. Atafika kila Jumanne ya kwanza ya mwezi mpaka atakapoachiwa, na kabla ya hapo asizungumze na mtu.

"Mtu yeyote. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mheshimiwa."

Mtu mwingine angeelewa nusu. Kwenye korido mkewe alimshika mkono wa koti. "Baba watoto, siku ile mlangoni ulisema nini? Nilikuwa nimefungua bomba."

Mkaguzi alimtazama. Kisha akautoa mkono taratibu, akarudi dirishani kwa karani. "Kuna mtu amejaribu kuzungumza na shahidi," alisema. "Naomba iandikwe." Ikaandikwa.

Mjane alirudi nyumbani akalia mpaka kichwa kikamuuma. Alikasirika, akasema maneno ambayo si ya kumwambia marehemu. Lakini hakushangaa. Alikuwa ameolewa na mtu huyo huyo.

Ikaanza miezi. Mara wakili wa kiwanda anaumwa, mara jaji yuko kwenye semina, mara faili halionekani, mara umeme hakuna na mashine ya karani haichapi. Kila Jumanne ya kwanza Mkaguzi alifika saa mbili na nusu, akakaa benchini nje ya chumba namba tatu, mikono magotini, na mkewe akakaa kando yake. Kuongea kulikatazwa, kumfuta udongo mabegani hakukutajwa popote, kwa hiyo alimfuta. Binti yao aliyeolewa mbali alipiga simu kila mara siku hizo. "Msalimie baba," alisema. "Siruhusiwi, mwanangu," mama alijibu.

Wakati huo ushuru ulikuwa umesimamishwa kwa amri ya muda, kusubiri kesi iishe. Meli hazikusubiri. Kiwandani walipunguza meza ya kwanza hadi ya tatu, kisha ya nne, kisha wakazima mashine kwa heshima zote, na hotuba ikasomwa. Baada ya miezi minane jengo lilifunguliwa tena kama bohari la paneli za kigeni. Mwenye kiwanda alikuwa ameamua kuagiza na yeye. Alikuwa muungwana, akawaita tena baadhi ya wafanyakazi wa zamani, na mjane akapewa kazi ya kubandika lebo. Chumba cha giza kilijazwa maboksi. Hakuna aliyezikagua paneli zile, na siku nyingine, akiinua paneli penye mwanga, mjane aliwaza jinsi ambavyo mumewe angelala macho kwa kazi ile.

Mwaka wa tatu mawakili wote wawili waliandika barua moja. Wateja wao walikuwa wameelewana, maana sasa walikuwa wa upande mmoja, na shauri likaondolewa mahakamani. Hakuna aliyekumbuka kwamba kulikuwa na shahidi katikati ya sentensi.

Aliyekumbuka ni karani. Jumanne ya kwanza alitoka na karatasi, akachuchumaa mbele ya mjane, akanong'ona ili shahidi asisikie.

"Mama, jaji anastaafu Ijumaa. Akiondoka, hakuna mwingine mwenye uwezo wa kumwachia mzee. Nimeandaa hii. Wewe ndiye uliyepokea wito, basi anayeomba ni wewe. Tia sahihi, jaji aisome sasa hivi, mzee awe huru kuongea."

Mjane akaishika kalamu. Akatafuta penye mstari wa sahihi. Akaisoma karatasi, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa na mumewe, asitie sahihi asichosoma. Iliandikwa: shahidi ameachiwa, anaweza kwenda.

"Aende wapi?"

Karani akaitazama fomu.

"Yeye aliletwa na wito. Ukifutwa, atarudi lini?"

"Hatarudi, mama."

"Lakini atakaa kwanza tuongee? Hata dakika moja?"

"Wewe unamjua kuliko mimi. Akiambiwa aende, huwa anangoja?"

Alimjua. King'ora cha kiwanda kikilia saa kumi, Mkaguzi aliweka kalamu chini hata kama neno lilikuwa nusu. Miaka kumi na tisa aliyaona maneno yale nusunusu daftarini. Akamgeukia. Alikuwa anatazama mbele, ndevu zake kama siku alipozikwa, pumzi haipo, bega lake likigusa la mkewe. Moyo ulimuuma mjane kama siku ile walipokuja kumwambia, tena kuliko siku ile, maana siku ile hakuna aliyemtaka achague.

Akairudisha karatasi.

"Hutakijua kamwe alichosema," karani alinong'ona.

"Najua."

"Una hakika, mama?"

"Niachie hivi hivi alivyo," alisema, akaanza kulia, na karani akaondoka haraka na fomu yake.

Ijumaa jaji aliagwa. Chumba namba tatu kikafungwa kwa kufuli, kikisubiri kupakwa rangi. Jumanne ya kwanza ya mwezi uliofuata mjane alibadilishana zamu boharini, na saa mbili na nusu Mkaguzi akatokea upande wa makaburini. Mkewe akasogea kumpa nafasi. Alimfuta udongo bega la kushoto, kisha la kulia. Walikaa mpaka saa sita. Hawakuongea.