Kalenda ya Teunis na Kilimia cha Soras

Ahimidiwe Mola aliyezitundika nyota zikawa saa ya mkulima na mchungaji, anayeiteremsha mvua kwa wakati aujuao Yeye. Na rehema zake ziwatangulie watakaotajwa.

Nao ni watatu. Wa kwanza ni Teunis, Mholanzi, askari wa ngome ya Waholanzi aliyeachiwa huru akapewa shamba ukingoni mwa mto, nyuma ya Mlima wa Meza, kusini kabisa mwa Afrika. Wa pili ni Aaltje mkewe, fundi wa jibini, mwanamke mwenye moyo wa kuthubutu. Wa tatu ni Soras, mama wa Kikhoi, ambaye ng'ombe wa ukoo wake walikunywa maji ya mto ule kabla Mholanzi yeyote hajauona.

Sharti la shamba lilikuwa moja. Kabla ya Krismasi ya pili karani wa ngome aikute ngano imesimama. La sivyo ardhi itarudishwa, Teunis atashika bunduki tena, na Aaltje atapandishwa meli arejee Hoorn, mji wa Uholanzi ambako hakuacha mtu wa kumpokea.

Mwaka wa kwanza Teunis alipanda Oktoba, kama ilivyoagiza kalenda ya marehemu baba yake. Ngano ikachipua, kisha jua na upepo wa kusi vikaimaliza. Teunis aliilaumu mbegu, akawalaumu panya, kalenda hakuigusa. Likabaki gunia moja la mbegu.

Ikaingia Juni na baridi yake. Soras alipoleta maziwa, Aaltje alimwuliza kwa nini kambi yao iliimba alfajiri. Soras akamweleza kwamba Kilimia, kile kishada cha nyota, kimerejea mashariki, na kina mama huwainua watoto wachanga wakakitazama, kwa kuwa nyuma yake huja mvua na majani mapya.

“Lakini mumeo huiuliza karatasi,” akasema. “Na akishikwa na njaa, huiuliza pia?”

Aaltje alicheka hata akamwaga maziwa. Kisha akaingia ndani kumkabili mumewe.

“Mke wangu,” alisema Teunis, “Juni ni mwezi wa kunoa miundu. Baba ameandika.”

“Baba aliandika akiwa Hoorn, na huku majira yamepinduka. Hebu toka nje ukamtafutie hilo jua lake.”

Teunis akatoka, kalenda kwapani. Alirudi kofia ikichuruzika kama ukingo wa paa, akaligawa gunia mara mbili: nusu ipandwe sasa, nusu ingoje Oktoba, marehemu asije akaona amedharauliwa.

Walipoanza kulima, Soras alisimama mpakani, uso umebadilika. Akauliza, wakilima kote, ng'ombe wake watashukia wapi mtoni. Aaltje akachora kwa kisigino njia pana katikati ya shamba. Teunis akanung'unika kwamba karani atauona uvivu mtupu pale.

“Ametuonyesha majira,” akasema Aaltje, “nasi tumnyime maji?”

Ilipofika Oktoba ngano ilikuwa imefika kiunoni. Teunis aliitazama siku tatu, kisha akaichukua ile nusu iliyobaki, akaipeleka kusagwa mwenyewe.

Mwanzoni mwa Desemba karani akaja, akijifuta jasho shingoni. Aliyapitia masuke yaliyoiva, akaridhika, mpaka alipofika kwenye ule ukanda mtupu. Akataka kujua ni nini. Teunis akaifungua kalenda ya baba yake, akamwonyesha pambizoni, kwa wino mpya: *Kilimia kikitokea, panda. Njia ya Soras, usilime.*

“Imo katika kalenda, bwana,” alisema, uso umekauka kabisa.

Karani akatazama wino, akawatazama ng'ombe walioteremka wakati ule mmoja nyuma ya mwingine pasipo kugusa suke, akaandika kwamba shamba ni la Teunis. Jioni hiyo mkate wa kwanza wa tanuri la Aaltje ulimegwa na watu watatu, na Soras akasema umepungukiwa chumvi.

Mola awabariki waliobaki ukingoni mwa mto ule, wa jembe na wa mifugo; awanyeshee wote pamoja, na awajaalie wajukuu wasije wakaifunga njia ile. Amin.