Maneno ya Mzee Kassimu

Yustina alikuwa mgeni Mtwara. Alitoka Kasulu kuja kufundisha jiografia katika sekondari moja ya mjini, akapanga chumba na sebule Shangani, na upande huu wa nchi hakuwa na ndugu hata mmoja. Kwa hiyo nimonia ilipomwangusha wakati wa masika, waliompeleka hospitali walikuwa majirani, na aliyemuuguza alikuwa mtu asiyemfahamu kabisa: Shamimu, fundi cherehani wa Ufukoni, ambaye baba yake alilazwa kitanda cha pili.

Ilikuwa hospitali ndogo ya binafsi. Mahututi wote waliwekwa chumba kimoja, wanaume na wanawake, pazia katikati. Mzee Kassimu alikuwa mkulima wa korosho na mihogo kutoka Mahurunga, kule bonde la Ruvuma, na mapafu yake yalikuwa yamechoka siku nyingi. Shamimu akishamnywesha baba yake uji, alizunguka pazia akamnywesha na Yustina. Alimfuta uso kwa kitambaa cha maji, akamsuka nywele mafungu mawili zisimsumbue kwenye mto wa kulalia. Yustina hakuwa na nguvu hata ya kushukuru. Alimtazama tu.

Kila mmoja alikuwa na mashine yake ya oksijeni. Halafu mchana mmoja mvua ikanyesha kwa fujo, umeme ukakatika, na jenereta ya hospitali ilipowashwa ikaonekana haina nguvu ya kuvuta mashine zote mbili. Daktari wa zamu, kijana mmoja aitwaye Anold, aliamua kwanza iendelee ile ya mzee. Shamimu wakati huo alikuwa ameondoka kwenda kupika uji mwingine nyumbani. Pazia lilikuwa limevutwa pembeni ili watu wapite na nyaya, na kwa sababu hiyo Yustina aliona yote.

Alianza kuzama. Kifua kilimbana, kucha zake zikageuka rangi. Alimsikia muuguzi akiita jina lake, kisha akamwona Dokta Anold akisimama katikati ya vitanda viwili, akimtazama huyu, akimtazama yule. Halafu akainama, akautoa mpira wa oksijeni puani mwa Mzee Kassimu.

Mzee aliinua mkono kuufuata ule mpira. Muuguzi akaushika mkono wake, akaulaza kifuani taratibu, kama unavyolaza mkono wa mtoto. Mzee hakupigana. Aligeuza kichwa akamtazama Yustina na kusema maneno mawili ya Kimakonde. Akayarudia. Akayarudia tena. Kisha hewa ikaingia puani mwa Yustina, kifua kikafunguka, naye akalala. Alipoamka umeme ulikuwa umerudi, na kitanda cha pili kilikuwa kimetolewa mashuka.

Shamimu aliambiwa kwamba umeme ulipokatika mashine zilizimika zote, na baba yake hakuwahi kuokolewa. Kazi ya Mungu. Alimchukua baba yake wakaenda kumzika Mahurunga.

Yustina alipona. Alirudi darasani amekonda, nguo zinamning'inia, na walimu wenzake wakamchangia maziwa na mayai. Lakini yale maneno mawili alitoka nayo hospitali. Hakujua maana yake. Alikuwa Muha, na Kimakonde alichokijua ni cha salamu tu. Yalimjia akiosha vyombo. Yalimjia jioni akitembea ufukweni na watu wengine wanaopunga upepo, yakisemwa nyuma ya bega lake la kushoto, bila hasira, kwa sauti ya mtu aliyesimama muda mrefu dirishani pa ofisi na karani hamwoni. Akigeuka, kuna mchanga na watoto wanaocheza mpira. Siku moja akiwa anachora ramani ubaoni, aliyatamka kwa sauti bila kujijua. Wanafunzi wa mbele wakatazamana. Mmoja alicheka kidogo, akanyamaza. Angeweza kuwauliza. Aliendelea kuchora.

Shamimu alikuja kumjulia hali. Alibisha hodi akiwa na kifuko cha korosho za kukaanga, akaketi kwenye mkeka, akampa pole ya ugonjwa. Yustina naye akampa pole ya msiba. Walizungumza habari za mvua na bei ya vitambaa. Mwishowe Shamimu akauliza alichokijia.

"Dada, wewe ulikuwa pale. Baba aliondokaje?"

"Nilikuwa nimelala, mdogo wangu," Yustina akasema. "Sikuona kitu."

Shamimu akaitikia kwa kichwa, akashukuru, akaaga. Zile korosho Yustina hakuzigusa. Zilikaa mezani mpaka zikaota ukungu.

Baada ya hapo hali ikazidi. Alianza kuogopa kupumua kwa nguvu akiwa peke yake, maana kila alipovuta pumzi ndefu ilimjia fikra kwamba kuna mtu anayengoja aimalize. Mwishowe akaenda kumtafuta Dokta Anold. Alimkuta nje ya maabara, wakasimama chini ya paa la bati. Anold hakukataa kitu. Alimweleza kwamba mzee alikuwa anaondoka kwa vyovyote, na kwamba angemwachia mashine angepoteza wawili. Ndivyo walivyofundishwa: kifaa kikiwa kimoja, apewe mwenye nafasi ya kuishi.

"Ulimuuliza?" Yustina akasema.

"Nani?"

"Yeye mwenyewe."

Anold akasema mgonjwa wa hali ile haulizwi, na yale aliyokuwa akiyasema yalikuwa ya kuweweseka, hayakuwa na maana. Yustina akamuuliza kama anajua Kimakonde. Hajui, yeye ni wa Bukoba.

"Na binti yake? Kwa nini ulimwambia ni umeme?"

"Alirudi na chupa ya uji mkononi, mwalimu. Ananiuliza baba ameamka? Nikatafuta neno, nikapata hilo." Macho yake yalikuwa mekundu. Akamwomba afikirie vizuri, kwa sababu mambo haya yakitoka nje yeye Yustina ataitwa mtu aliyechukua pumzi ya mwenzake. Hakulisema kwa kutisha. Alilisema kama mtu aliyekwisha kulifikiria mara nyingi.

Yustina alirudi nyumbani kwa miguu. Kilichomkata maini si kwamba daktari alikosea. Hata yeye hakuwa na hakika kama alikosea. Ila alijua kuwa ana kitu cha Shamimu, maneno ya mwisho ya baba yake, na anatembea nacho mjini kama mwizi.

Kesho yake, baada ya vipindi, alikwenda Ufukoni. Shamimu alikuwa barazani akishona sare za shule. Yustina hakuketi. Alisema yote: pazia, jenereta, mpira, mkono uliolazwa kifuani. Alisema kwamba siku ile alidanganya. Halafu akayatamka yale maneno mawili, kama alivyoyasikia.

Mguu wa Shamimu ukasimama juu ya pedali.

"Rudia."

Akarudia.

"Unajua maana yake?"

"Sijui."

"Alisema, bado nipo."

Shamimu akageukia cherehani. Alishona mpaka mwisho wa pindo, akakata uzi kwa meno, akaikunja ile sare vizuri na kuiweka juu ya nyingine. Kisha akasema, "Nenda, mwalimu," na Yustina akaenda.

Malalamiko ya Shamimu yalifika kwenye kamati ya maadili ya madaktari, na wakati wa msimu wa korosho wajumbe walikuja wakakaa katika ukumbi mmoja wa mjini kusikiliza. Muuguzi alisema ukweli. Anold naye alisema ukweli, na akaongeza kwamba kama siku ile ingerudi angechagua vilevile. Yustina alipomaliza ushahidi wake, wakili wa hospitali alisimama. Kwa upole kabisa akamuuliza: kama angekuwa na fahamu za kutosha, akaulizwa kama aipokee mashine ya mzee, angeikataa?

Yustina alitamani kusema ndiyo.

"Nisingeikataa," akasema. "Ningeipokea."

Shamimu akainua uso, akamtazama. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile ya barazani.

Kamati iliamua kwamba kuchagua mmoja kati ya wawili, katika hali ile, si kosa. Kosa lilikuwa kumwondolea mpira mgonjwa anayesema bila kutafuta mtu wa kumwelewa, na kumficha ukweli ndugu yake. Anold alisimamishwa kazi kwa muda. Hospitali iliagizwa kununua jenereta kubwa. Watu wakatoka nje, wakasimama juani bila kujua waende wapi.

Yustina aliamini kwamba akishasema, maneno yale yatamwachia. Hayakumwachia. Sasa aliyaelewa, na yalikuja kwa Kiswahili.

Shamimu alimletea ujumbe kwamba kuna hitma ya baba yake Mahurunga, akitaka aje. Alikwenda. Wanaume walikuwa wakisoma ndani, wanawake nyuma ya nyumba wakipika wali wa mpunga wa pale pale bondeni. Yustina alipewa vitunguu amenye. Dada wa marehemu, bibi mmoja mwenye ndonya, lile pambo la zamani la Kimakonde, kwenye mdomo wa juu, alimkodolea macho, kisha akauliza kwa Kimakonde huyu ni nani.

"Ndiye aliyekuwa na baba," Shamimu akajibu kwa Kiswahili, ili Yustina asikie.

Bibi akasogea, akamshika mkono. Akauliza jambo jingine, na Shamimu akalifasiri bila kuinua macho kutoka kwenye sufuria: anataka kujua kama kaka yake alikufa peke yake.

"Hapana," Yustina akasema. "Alikuwa ananitazama. Na mimi nilikuwa namtazama."

Shamimu akalifikisha jibu. Alitumia maneno mengi zaidi ya yale aliyopewa, akisita katikati na kuendelea, na Yustina hakujua aliongeza nini. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Hakuuachia ule mkono mpaka sinia za wali zilipoanza kutoka jikoni na kila mtu akaitwa kunawa.