Shehena Iliyorudi

Mkaguzi wa nafaka alichoma gunia kwa bambo, punje zikamwagika kiganjani mwake. Hakuzitazama.

"Mahindi haya yana sumukuvu, mama. Hayauziki wala hayaliwi. Yatateketezwa."

"Baba, hebu yanuse tu. Nimeyaanika wiki mbili juu ya turubai. Hiyo kuvu imepitia wapi?"

"Unanifundisha kazi?" Akamgeukia karani. "Andika. Magunia yote kumi na tisa."

Mama Mapacha alisimama kando ya kizuizi cha barabarani akitazama mavuno yake ya mwaka mzima yakipakiwa kwenye lori la watu wengine. Nyuma yake, majirani walisubiri zamu ya kunyang'anywa.

Ghala la nyumbani likawa la panya, nao panya wakahama kwa kukosa chakula. Miezi miwili baadaye alikwenda mjini kuomba kibarua kwa Tajiri, aliyeuza mahindi ng'ambo. Wanawake waliketi sakafuni wakichambua punje, vumbi limewaganda kwenye kope. Siku ya tatu aliwekewa gunia lenye kiraka cha kaki. Alikijua. Alikishona mwenyewe, kwa suruali ya marehemu mumewe.

"Bibi, unachambua au unasali?" msimamizi alimfokea.

"Samahani, baba. Mazuri haya. Yanakwenda wapi?"

"Ng'ambo. Daraja la kwanza. Sisi tunaliletea taifa fedha za kigeni, wewe unatuletea maswali."

Hakulia. Alihisi utulivu ambao hakuwahi kuuonja tangu amzike mumewe.

Kila adhuhuri, wenzake walipotoka kula, alisingizia tumbo na kubaki. Alijaza dumu maji bombani, akapenyeza mpira mwembamba katikati ya magunia yaliyosubiri kusafirishwa, akamimina kidogo kidogo, nje pasilowe. Siku kumi na moja mfululizo.

"Kunywa, Tajiri," alinong'ona. "Kunywa ushibe."

Makontena yakafungwa, yakaondoka. Kibarua kilipokwisha alirudi kijijini kulima mashamba ya watu. Huko ndiko redio ilikomkuta: shehena nzima imekataliwa ng'ambo, imeoza, inarudishwa. Alicheka mpaka jembe likamponyoka.

"Kulikoni, wifi?" dada wa mumewe akamuuliza.

"Acha tu. Kuna mtu leo hapati usingizi."

Tajiri alilala vizuri. Bima ilimfidia. Na njaa ilipokaza kijijini, lori liliingia uwanjani, Mkaguzi amesimama juu yake na kipaza sauti.

"Ndugu wananchi! Serikali yenu imesikia kilio chenu. Imenunua kwa Tajiri mahindi yaliyotoka ng'ambo. Nimeyapima mwenyewe. Ni salama!"

Vigelegele vikapaa. Mama Mapacha alipofika karibu na lori, harufu ilimfikia: uchachu, na ukungu. Akasimama. Akisema, ataulizwa amejuaje. Askari wawili walikuwa pale pale.

"Wifi, usipokee haya," alisema kwa sauti ya chini.

"Una wazimu? Watoto hawajala tangu jana. Nimekuchukulia na fungu lako. Mapacha wako wamelikimbiza mashineni."

Kisha akapiga ukelele ambao haukujali askari wala mtu yeyote: "Yana sumu! Yana sumu haya!"

Mkaguzi alimwinamia, akitabasamu, kipaza sauti mdomoni.

"Mama, kipimo chako kiko wapi?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Ng'ambo ya kicheko hicho, mashine ya kusaga ilikohoa mara mbili, ikaanza kunguruma.