Harufu ya Vyumba vya Nyuma

Mkunga alimpigia simu fundi bomba kabla hata ya kunywa chai, akampa vidonge vyake.

"Koki, umenifanyia nini? Nyumba mpya inanuka kama shimo la choo! Bomba la hewa hukuweka, sema ukweli!"

"Mama, niliweka mawili. Ulisimama hapo hapo ukiyahesabu."

Ni kweli, alisimama. Nyumba ilipokuwa ikijengwa hakukosa hata siku moja. Miaka thelathini na minne ya kuzalisha wanawake ilikuwa imemfundisha kutomwamini mtu yeyote anayesema "tunakaribia kumaliza," na mafundi walimkoma. Kila bomba aliliulizia: hili linabeba nini, linaishia wapi? Koki akachukua msumari, akamchorea mchangani. Maji yakishuka kwa kasi, alisema, huvuta hewa nyuma yake. Yakiikosa, hufyonza yale maji yanayobaki kwenye kona ya bomba chini ya sinki na choo, na maji hayo ndiyo yanayozuia harufu isipande ndani. Ndiyo maana bomba la hewa hupanda mpaka juu ya paa. Mkunga alielewa upesi, kwani hata mwili wa binadamu una mabomba yake. Akataka mawili: moja la jikoni na bafu lake, jingine la vyumba vitatu vya nyuma, kila chumba na bafu lake, kwa ajili ya wanawe watatu.

"Unajenga hoteli?" jirani alimtania.

"Najenga kwao," alijibu, na jirani akaufyata.

Sasa nyumba ilikuwa na mwaka na miezi miwili. Harufu ilianza wiki iliyopita, na Jumamosi mwanawe wa kwanza angekuja na mke na watoto, walale, kwa mara ya kwanza. Walishaahirisha mara nne. Mkunga aliropoka habari ya harufu akiongea naye kwenye simu, akajuta papo hapo. Tangu hapo roho ilikuwa juu juu: wajukuu wasije wakaziba pua nyumbani kwa bibi yao.

Koki alifika na begi lake, akapanda paani, akamulika ndani ya mabomba yote mawili. Hakukuta kiota wala jani. Akashuka, akamwomba Mkunga avute maji ya choo chake huku yeye ametega sikio kwenye sinki. Hakuna kilichokoroma.

"Linapumua vizuri," alisema. "Twende nyuma."

Mkunga alitangulia na funguo. Mlango wa kwanza ulipofunguliwa, harufu iliwapokea kizingitini. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, pazia limepigwa pasi. Koki akaingia bafuni, akapiga magoti, akamulika tundu la sakafuni. Kukavu. Akainua mfuniko wa choo. Kukavu vilevile.

"Mama, bafu hili lilitumika lini mara ya mwisho?"

"Juzi," alisema Mkunga.

Koki alitazama sabuni iliyokuwa bado ndani ya karatasi yake. Akatazama nailoni ya dukani kwenye kiti cha choo. Kisha akaanza kuifuta tochi yake, ambayo haikuwa na vumbi lolote.

"Juzi," alirudia kwa heshima. "Basi mabomba hayana kosa. Ni maji ya kwenye kona tu yamekauka. Hukauka yenyewe, kama hakuna mtu wa… yakikaa. Mimina ndoo moja kila bafu, na uwe unarudia kila baada ya wiki mbili."

Mkunga aliona aibu mpaka masikio yakamuwaka. Upweke aliokuwa akiufukuza kwa deki na mapazia ulikuwa umekutwa bafuni na mtu baki. Akaenda kuchota maji.

Walimimina vyumba vyote vitatu, wakafungua madirisha. Haikupita saa nzima, harufu ikatoweka. Mkunga alivuta pumzi, akacheka peke yake. Simu ikalia.

"Shikamoo, Mama. Vipi ile harufu?"

"Marahaba, baba. Fundi yuko hapa…"

"Maana kama bado, tusilazimishe mambo. Watoto nao mafua hayawaishi, na mimi kazi zimenibana. Bado, siyo?"

Mkunga alikuwa ameshafungua mdomo aseme imekwisha. Lakini sauti ile aliijua. Mwanawe akiwa na miaka saba, kila asubuhi ya mtihani alimletea paji la uso alishike. "Naungua, siyo?" aliuliza, hivyo hivyo, huku akiwa mzima wa afya. Ilimuuma Mkunga, ilimuuma sana.

"Bado, baba," alisema. "Bado inanuka."

Upande wa pili mtu alishusha pumzi. "Pole, Mama. Basi tutakuja ikiisha. Kwani fundi anasema tatizo ni nini?"

Mkunga aligeuka, akamkuta Koki amesimama mlangoni na ndoo tupu, amesikia kila neno. Koki huyu aliwahi kununiana na mwashi mwezi mzima kwa sababu ya kuambiwa koki yake inadondosha tone. Mkunga aliinamisha macho, akisubiri aumbuliwe.

Koki aliweka ndoo chini taratibu.

"Mwambie bomba limepasuka chini ya sakafu," alinong'ona. "Niliunga vibaya mimi. Hilo huchukua miezi."