Sekela, Kipande Kimoja

Usiku wa jana niliota mume wangu anafungua skrubu za kitanda nikiwa nimekilalia.

"Usiamke, Mama Sekela," akaniambia. "Ukiamka kitaanguka. Zimebaki mbili."

Nikamwuliza anakipeleka wapi. Gwamaka akanionyesha karatasi aliyoibandika kifuani. Ilikuwa orodha yangu mwenyewe, niliyoiandika wiki nzima kwenye meza ya jikoni, kwa sababu kontena linakuja Jumamosi. Tumekaa ugenini Utrecht miaka kumi na minne na sasa tunarudi nyumbani, Rungwe. Forodha wanataka kila kitu kiandikwe: jina, idadi, hali. Tena kiwe kimetumika si chini ya mwaka mmoja, ili ionekane ni mali ya watu wanaorudi, si bidhaa za dukani.

"Kitanda, kimoja, hali nzuri," akasoma. "Kinatakiwa kwenye foleni."

Nikaenda kwenye foleni nimelala, kitanda kikitembea kwa miguu yake.

Foleni iko sebuleni kwetu, ila sebule imekuwa ndefu kama uwanja wa ndege. Vitu vyote vya nyumba vimejipanga kimoja nyuma ya kingine. Friji limejifunika blanketi kwa sababu linasikia baridi. Baiskeli tatu zimeegemeana, zinasengenya. Hakuna anayecheka.

Ofisa wa forodha ni muhuri. Simaanishi kwamba alikuwa na muhuri. Alikuwa muhuri wenyewe, wa mpira na mti, mrefu kama mtu mzima, amevaa kofia ya kazi. Kila alipokaa aliacha neno IMEKAGULIWA. Viti vyetu vinne vilikwisha kuandikwa, na zulia, na paka wa jirani ambaye hata hasafiri.

"Shikamoo, afande," nikamwambia, maana alionekana mtu wa makamo.

"Marahaba. Cha kwanza kiseme."

Sufuria kubwa ikasogea. "Nimepika wali wa Pasaka mara kumi na tatu," ikasema. "Ule ulioungua usiuhesabu."

"Nauhesabu," Muhuri akasema. "Kuungua ni kutumika." Akaikalia.

Vikafuata vikombe vya wageni, sita, vyenye ukingo wa dhahabu. Vilikuwa vinalia.

"Sisi hatujatumika hata siku moja, afande. Tumekaa kwenye kabati la kioo miaka minane."

"Kwa nini?"

Vikaniangalia mimi.

"Vilikuwa vinasubiri wageni," nikasema.

"Mchungaji alikuja mara mbili," kikombe kimoja kikasema, "akapewa chai kwenye vile vya bluu."

Muhuri akatazama saa. "Basi vitumike sasa hivi. Mwaka mzima. Mna dakika kumi."

Tukanywa. Gwamaka akaanza na chai ya Januari kwenda Juni, mimi nikashika Julai mpaka Desemba. Ya Agosti haikuwa na sukari. Ya Desemba iliniunguza ulimi.

Ikafuata Biblia yangu, ile nyeusi niliyoifunga kwa mpira ili isiachie kurasa. Nikajisikia salama. Kama kuna kitu kimetumika nyumbani kwangu, ni hiyo.

"Nimetumika," ikasema. "Zaburi zimechakaa. Luka ana madoa ya mafuta. Wafilipi wamelowa machozi, hasa ule mwaka baba yake Sekela alipokosa kazi. Lakini mimi siwezi kusema uongo."

"Sema tu," Muhuri akaihimiza.

"Nahumu hajawahi kufunguliwa. Kurasa zake bado zimeshikana."

Foleni yote ikanigeukia. Friji likaguna.

Nikasoma Nahumu palepale, nimesimama juu ya kitanda. Nikagundua kwamba ni sura tatu tu, aibu ikazidi. Nilipomaliza, Muhuri akasema "Amina," na Biblia hakuikalia. Alivua kofia, akaigusa kidogo kwa ukingo wa mpira wake, akavaa tena.

"Namba arobaini na moja," akaita. "Sekela. Kipande kimoja. Hali nzuri."

Nikadhani nimesikia vibaya. "Afande, huyo si kitu. Ni binti yetu."

"Nani ameandika?"

Akanisogezea karatasi. Ulikuwa mwandiko wangu, umetulia, umenyooka, kati ya cherehani na mapazia.

Sekela akatoka nyuma ya cherehani. Ana miaka kumi na mitatu, amezaliwa hapahapa Utrecht. Alikuwa amesimama kwenye foleni muda wote, na mimi nilikuwa nimezitazama hata baiskeli, yeye sikumwona.

"Binti, ulitoka lini?" Muhuri akamwuliza.

"Kutoka wapi?"

"Huko mnakorudi."

"Sijawahi kufika huko."

Muhuri akafungua kitabu cha kanuni, akatafuta kwa kidole ambacho hakuwa nacho. "Imeandikwa: wanaorudi. Anayerudi ni yule aliyetoka. Huyu hakutoka. Hawezi kurudi. Atabaki na paka."

"Afande, tunarudi familia nzima!"

"Familia haimo kwenye orodha. Nimetafuta. Kuna feni, halafu feni ya pili."

"Sasa tufanyeje?"

"Mkamtoe huko. Mkimtoa nyumbani kwenu kwa utaratibu wenu, atakuwa ametoka. Aliyetoka anaweza kurudi. Meli inaondoka saa nne."

"Sasa ni saa ngapi?"

"Saa nne kasoro dakika kumi."

Nikamgeukia mume wangu. "Baba Sekela, sema neno!"

"Niko Mei," akasema, kikombe mdomoni.

Nikamshika Sekela mkono, nikafungua mlango wa choo, tukatokea uani kwa mama yangu, Rungwe. Mvua inanyesha. Migomba inadondosha maji. Mama ameketi barazani, na anaonekana kuanzia mabegani kwenda juu tu, kama Sekela anavyomwona kila Jumapili kwenye simu. Chini ya mabega hakuna kitu.

"Ndaga, mwanangu," Mama akanishukuru kwa Kinyakyusa kwa kufika. "Mbona mnahema?"

"Mama, tafadhali, msindikize Sekela. Anatoka."

"Anatoka wapi, wakati hajaingia?"

"Atoke tu, Mama, ili aweze kurudi. Meli inatungoja."

"Nani kakufundisha wewe kumsindikiza mtu kabla hajala?" Akamtazama mjukuu wake. "Huko kwenu wanawatoa watu na njaa?"

"Wanatoa na biskuti," Sekela akasema.

"Biskuti!" Mama akasema.

Sahani ikaja yenyewe, ndizi za kupika na maharage. Nikamwambia Mama hatuna muda. Akanijibu kwamba muda ni wa meli, ndizi zina muda wao.

Sekela anakula. Kijiko cha kwanza ana mwaka mmoja, anatambaa barazani. Cha pili anaota jino. Cha tatu jino linang'oka, Bibi yake analirusha juu ya paa. Cha nne anaugua malaria na kupona. Cha tano anachapwa kwa kuvunja chungu. Cha sita kinataka kumbatiza, nikakiambia ameshabatizwa na ubatizo ni mmoja, kikarudi kwenye sahani. Na kwa kila kijiko Mama yangu anaongezeka: kifua, kiuno, magoti, mwisho miguu miwili ndani ya buti za mvua.

"Afadhali," Mama akasema, akiitazama miguu yake. "Sasa naweza kusindikiza."

Akampa Sekela mwavuli, yeye akabaki na kitenge kichwani. Wakaanza njia. Kwetu mtu hasindikizwi mpaka mlangoni tu. Anasindikizwa mpaka pale ambapo kuagana kunaanza kuuma, na pale ndipo katikati ya njia.

Wakafika katikati. Mama akasema, "Haya, mjukuu wangu, nenda salama."

Nikashukuru Mungu. Lakini Sekela akasema, "Bibi, utarudi peke yako na mvua hii? Ngoja nikusindikize."

Wakarudi mpaka uani.

"Sasa wewe utakwenda peke yako?" Mama akasema. "Haiwezekani. Nakusindikiza."

Wakaenda mpaka katikati.

"Bibi, si vizuri. Nakurudisha."

Wanaenda. Wanarudi. Wanaongea mambo ambayo siyasikii, wanacheka, wanasimama kutazama ng'ombe wa mtu. Mimi nakimbia nyuma yao na viatu vya ndani. Honi ya meli inalia kutoka migombani. Wanarudi tena. Mara ya nne. Mara ya sita. Nawaambia inatosha, wananijibu wote wawili kwa pamoja, "Tunakuja," na wanaenda upande ule mwingine.

Nikaanza kuomba huku nakimbia. "Bwana, mpe mtoto huyu moyo wa kukubali. Bwana, mlainishe. Bwana, unajua sisi tulikwisha kupanga."

"Unaongea na nani?"

Muhuri ameketi katikati ya njia, juu ya tope. Tope limeandikwa IMEKAGULIWA.

"Na Mungu, afande."

"Kuhusu nani?"

"Kuhusu Sekela."

"Sekela yuko pale. Hatua nne." Akafungua kitabu chake. "Unamwombea tangu lini?"

"Tangu tulipoamua kurudi. Miezi tisa. Kila asubuhi, na Ijumaa nafunga."

"Ni vizuri sana. Na yeye umemwuliza?"

Nilitaka kumwambia kwamba mtoto haulizwi, mtoto anaambiwa. Nilifungua mdomo, ikatoka chai ya Oktoba.

Muhuri akasubiri mpaka ikaisha. Hakuwa mkali. Ningependa angekuwa mkali.

"Mama, mimi situngi kanuni," akasema. "Katikati ya njia mtu haandikwi. Huulizwa. Na anayemwuliza ni yule aliyemwandika."

Akanipa kalamu. Nikalikata jina la Sekela kwenye orodha. Karatasi ikawa nyepesi hivi kwamba upepo ukaichukua, na feni zote mbili.

Kisha nikatembea zile hatua nne. Sijawahi kutembea mbali kiasi kile. Hatua ya pili peke yake ilikuwa na kilima. Njiani nilijua kitu ambacho kwa miezi tisa nilikuwa nakificha chini ya maombi: sikumwuliza kwa sababu niliogopa atasema hapana, na akisema hapana sitajua mimi ni mama wa wapi.

Sekela amesimama chini ya mwavuli. Mama yangu amesimama karibu naye, mvua inamnyeshea, buti zimejaa maji. Hawacheki tena.

"Sekela," nikasema. "Unataka kwenda?"

Honi ikalia mara ya mwisho. Sekela akavuta pumzi, akafungua mdomo.

Mahali fulani Gwamaka akasema, "Nimeipata skrubu ya mwisho," na kitanda kikaanguka.

Nikaamka. Kitanda kilikuwa kizima. Kumekucha, mwanga wa kijivu umeingia, Gwamaka ameshakwenda kazini. Ukumbini maboksi yamepangwa mpaka dirishani, kama jana.

Nikapiga magoti kama kila asubuhi. Nilimshukuru Mungu kwa usiku, nikamwombea mume wangu, nikamwombea Mama. Nilipofika kwenye jina la Sekela nikakwama. Nilibaki hivyo, magoti yananiuma, mpaka nikasikia mlango.

Sekela alikuwa amejiandaa kwenda shule, nywele amechana upande mmoja.

"Unaomba, Mama?"

"Naomba."

"Basi nasubiri."

"Sema, mwanangu."

Akatazama maboksi kwanza. "Jibu langu," akasema. "Nitakwenda. Ila siku nikitaka kurudi huku, unisindikize. Mbali, si mlangoni. Na usilie mpaka nimepita kona."

Sikumwuliza jibu la swali gani. Nilitaka kumwambia kwamba atapapenda, kwamba hatataka kuondoka, kwamba Mungu ametupangia mema kule. Yote yalikuwa tayari mdomoni. Nikayameza.

"Nitakusindikiza," nikasema. Neno moja, lakini lilinichukua muda kulimaliza.

Akaitikia kwa kichwa, akaokota mkoba wake. Alipofika ukumbini akageuka.

"Sasa mpigie Bibi, umwambie aingie ndani. Amesimama kwenye mvua muda mrefu."