Kisima cha Mwezi wa Tatu

Gerson Masolwa hakuwa na cheti cha sekondari. Hakuwa na gari, wala ndugu hata mmoja katika ofisi za wilaya. Hakuwa na kimo cha kutisha wala sauti ya kunguruma mkutanoni, na mke hakuwa naye tena, mwaka wa sita sasa. Alichokuwa nacho ni jina. Katika kijiji chake, kando ya njia ya zamani ya misafara magharibi ya Tabora, watu walisema Gerson akisaini, jambo limekwisha. Ndiyo maana walimchagua mwenyekiti mara tatu.

Jina hilo ndilo lililomponza.

Mwezi wa tatu, masika yakiwa yamejaza kila shimo, mkandarasi alimaliza kuchimba kisima cha pampu jirani na zahanati. Maji yakatoka asubuhi nzima bila kukatika. Sayi, mchimba visima wa siku nyingi, alimvuta Gerson pembeni akamkumbusha jambo ambalo kila aliyezaliwa pale amelisikia: kisima hakiulizwi wakati wa mvua, huulizwa mwezi wa kumi. Hata wapagazi wa zamani, kabla ya kutua mizigo, walitaka kujua habari za maji ya kiangazi. Kijiji kilichowadanganya mara moja, msafara uliofuata ulikipita. Gerson alilijua hilo kuliko Sayi. Lakini wageni wa wilaya walikuwa wamekwisha kaa chini ya turubai, utepe umefungwa, na kwenye sakafu ya saruji jina lake limechorwa kwa herufi kubwa. Akasaini hati ya kukipokea.

Mwezi wa tisa pampu ikaanza kukohoa. Wa kumi ikanyamaza.

Ndipo Elieza, mtendaji wa kata, akaja na karatasi nyingine. Alikuwa kijana mwenye adabu. Alitoa shikamoo, akauliza hali ya mihogo, ndipo akatoa kalamu. Wilaya ilitaka kila mwenyekiti athibitishe kwamba kisima chake kinatoa maji mwaka mzima. Gerson akauliza itakuwaje kwa asiyethibitisha. Elieza akaeleza kwamba kijiji chake kitabaki katika orodha ya kuchimbiwa upya, ila mwenyekiti ataitwa kujieleza. Kilichothibitishwa kitaondolewa katika orodha.

"Mzee wangu, mwezi wa tatu ulisaini kwamba ni kizima," alisema, akishusha sauti. "Ukikataa leo, umesema ulidanganya. Na uchaguzi ni mwakani. Nitapita Ijumaa."

Siku mbili Gerson alizunguka na karatasi mfukoni. Alijiambia mvua ziko karibu, na zikinyesha, karatasi itakuwa kweli.

Alhamisi asubuhi, kwenye njia ya zahanati, akakutana na Kabula, mjane wa mdogo wake, akimsindikiza mkaza mwanawe aliyekuwa karibu kujifungua. Wote wawili walikuwa na ndoo kichwani. Recheli, muuguzi, alikuwa amewaagiza wajawazito waje na maji yao. Haya waliyateka mbugani, kwenye kidimbwi cha ng'ombe.

"Shemeji," Kabula alisema, "kisima chako kinafunga kuliko masheikh wa Kanyenye kule mjini. Wao angalau jioni hufuturu."

Gerson akajaribu kucheka. Kabula hakucheka. Alitua ndoo yake.

"Mjukuu wako ataogeshwa kwa haya. Yaangalie."

Yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Gerson akayaangalia. Kisha akaichukua ndoo ya yule mjamzito, akajitwika mwenyewe, akaipeleka hadi mlangoni pa zahanati, shati likilowa, watu wakitazama.

Alipofika nyumbani akakaa kuandika. Aliandika kwamba yeye, Gerson Masolwa, alikipokea kisima wakati wa mvua akijua hakijapimwa kiangazi. Kwamba kosa la kusaini ni lake, si la wanakijiji. Kwamba kisima kimekauka na wanawake wanajifungua kwa maji ya mbugani. Aliomba kijiji kisiondolewe katika orodha, na akasema yu tayari kujieleza siku yoyote atakayoitwa.

Ijumaa Elieza alirudishiwa karatasi yake bila saini. Akaiona barua mezani, akaomba kuisoma. Aliisoma mara mbili.

"Mzee, hapa umejimaliza. Nipe mimi, nitajua namna ya kuifikisha."

Gerson akatikisa kichwa. Akamwambia kwa upole kwamba barua hiyo ingemtesa bure, kijana bado ana watoto wa kusomesha.

Akachota ugali kidogo sufuriani, akapaka ukingo wa bahasha, akaubana kwa dole gumba mpaka ukashika. Akavaa koti lake, akapanda basi la mjini. Pale posta aliomba itumwe kwa rejista, isije ikapotea njiani. Karani akaipima bahasha, akaigonga muhuri, akaitupa katika mfuko wa barua za wilayani.